Joto la Mikono ya Kiende

Lenah Kiende alimlisha mama yake kwa kijiko kwa miaka tisa. Alianza akiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa 1978, baada ya mama kuanguka asubuhi moja katikati ya matuta ya viazi kule Kiirua. Upande wa kulia wa mwili wake ulikufa, na maneno yakafa pamoja nao. Nyumba ile ilikuwa na wavulana watatu na msichana mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeitisha kikao kuamua nani aache shule. Kiende alivirudisha vitabu kwa mwalimu mkuu, akapita sokoni kununua unga wa wimbi, akaenda nyumbani kukoroga uji.

Kabla ya hapo, mama alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Asubuhi za baridi, umande ukiwa umeganda juu ya nyasi, alikuwa akifukua viazi viwili kutoka kwenye majivu na kumpa Kiende, kimoja kila mkono. Watoto wengine walifika shuleni vidole vimekufa ganzi, hawawezi kushika kalamu. Kiende alifika na mikono yenye joto, akavila viazi vyake langoni kengele ikilia.

Alichokumbuka zaidi katika ile miaka tisa hakikuwa kufua mablanketi wala kumgeuza mama kitandani. Yalikuwa macho. Kila kijiko kilipokaribia, mama aliangalia pembeni kwanza, kisha akafungua mdomo. Mara tatu kwa siku, miaka tisa. Hakuzoea hata siku moja, na Kiende naye hakuzoea kuyaona.

Mama alipokufa, Kiende alikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuna aliyemwuliza kuhusu shule. Aliolewa na Naftaly, fundi wa trekta, wakamzaa binti mmoja, Karwirwa. Naftaly alikufa mtoto akiwa darasa la nne. Ndipo Kiende alipopanda hadi Timau kuandikwa kazi katika shamba la maua.

Walimweka kwenye chumba cha baridi. Ni chumba kikubwa kisicho na dirisha, ambamo waridi zilizokwisha kukatwa husimama kwenye ndoo za maji zikingoja lori la kwenda uwanja wa ndege. Baridi yake ni ya nyuzi nne, mchana na usiku, masika na kiangazi. Waridi likipata joto linafunguka, na likifunguka njiani ni takataka. Kiende alifanya kazi humo miaka kumi na miwili, amevaa koti la pamba na glavu mbili mbili, akisukuma ndoo. Karwirwa alisoma kutokana na chumba hicho hadi akapata kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini Embu, akapanga chumba mtaa wa Majimbo, na jioni akawa anasomea diploma.

Mwaka wa 2010 wafanyakazi wote walipimwa presha. Muuguzi wa dispensari ya shamba aliitwa Wanjira, mwanamke wa Embu mwenye ulimi mwepesi. Alifunga ule mkanda kwenye mkono wa Kiende, akaupuliza, akautazama mshale, akapuliza tena.

"Mama Karwirwa, ulikuwa unakimbizwa na nyati?"

"Nimetembea tu, Sista."

"Basi tulia, tupime tena." Alipima. Safari hii hakutania. "Mia moja themanini na sita juu ya mia na kumi na mbili. Kichwa hakikuumi?"

"Hakiniumi."

"Ndiyo ubaya wake. Kwenu kuna mtu aliyekufa na presha?"

"Mama. Lakini hakufa. Alilala miaka tisa, halafu ndiyo akafa."

Wanjira aliacha kuandika. Kiende alikuwa ameitazama mikono yake, iliyopauka na kuwa myeupe kwenye ncha za vidole.

"Sista, kufa siogopi. Naftaly alikufa, nikaona ni kitu mtu anaweza kufanya. Mimi naogopa kijiko. Sitaki Karwirwa anishikie kijiko. Nilimlea asije akafanya hiyo kazi. Nipe dawa yoyote, hata iwe chungu namna gani."

Dawa haikuwa chungu. Kilikuwa kidonge kidogo cheupe, kimoja kila asubuhi, ambacho kilimvimbisha miguu ikifika jioni. Baada ya miezi miwili presha ilishuka, lakini si vya kutosha, na Wanjira akasita kuongeza kidonge cha pili kwa sababu ya ile miguu. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya wiki mbili mwaka uliotangulia, na huko alifundishwa jambo ambalo wenzake walilicheka. Siku moja alimkalisha Kiende kwenye kiti cha mbao, akachukua kipimajoto kimoja cha friji ya chanjo, kile chembamba cha kioo chenye mstari mwekundu, akakifunga kwa plasta kwenye kidole cha kati cha Kiende.

"Mstari unasoma ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Mkono wa mtu aliyetulia unafika thelathini na zaidi. Sikiza. Ukiwa na hofu, damu inakimbilia ndani kama kuku walioona mwewe. Vidole vinabaki baridi, na huko ndani mishipa inabanana. Ukitulia, inatoka tena. Wewe huwezi kuiona damu yako, lakini huu mstari unaweza kuuona. Utakuambia ukitulia na ukikosa kutulia."

"Nifanye nini sasa?"

"Pumua polepole. Ukitoa pumzi, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Halafu uache mikono ipate joto."

Kiende alikaza macho kwenye mstari kama mtu anayevuta ng'ombe kwa kamba. Baada ya dakika kumi ulisoma kumi na tisa.

Wanjira alicheka. "Umeulazimisha! Hii haitaki nguvu, mama. Ni kama ndama. Ukimkimbilia, anakimbia. Kaa chini, atakuja mwenyewe akunuse. Fikiria kitu chochote kilichowahi kukupa joto."

Kiende alifumba macho. Alifikiria jiko, ikawa bure. Alifikiria jua, likawa mbali. Kisha, bila kutafuta, vikaja vile viazi viwili vya majivu, na mkono wa mama uliokuwa ukifukua. Alihisi ngozi ya viazi ikikwaruza viganja vyake. Alihisi njia ya shule chini ya miguu. Wanjira alipomgusa bega, mstari ulikuwa kwenye ishirini na sita.

"Ulifikiria nini?"

"Viazi."

"Viazi!"

"Wewe cheka tu, Sista."

Akaenda na kipimajoto nyumbani, kimefungwa kwa kitambaa ndani ya kikebe cha majani ya chai. Kila jioni, kabla ya kuwasha moto, alikaa kitandani dakika ishirini. Ilichukua miezi minne kufika thelathini na moja. Alijifunza pia kufanya hivyo bila kipimajoto, amesimama katikati ya ndoo, supavaiza akipiga kelele na lori likichelewa. Mabega yake, ambayo yalikuwa yamepanda karibu na masikio tangu 1978, yalishuka. Mkanda wa Wanjira ulisoma mia moja thelathini na minane juu ya themanini na sita, na miguu haikuvimba zaidi.

"Hii si badala ya dawa," Wanjira alimwambia zaidi ya mara moja. "Dawa ndiyo farasi. Hii ni kumwondolea mzigo."

Lakini kuna siku dispensari ilikuwa na foleni, mtu amekatwa kidole, na Kiende akachungulia mlangoni kuuliza kama lazima apimwe tena wiki hiyo. Wanjira alimjibu bila kuinua kichwa: "Mikono iko moto? Mikono ikiwa moto, presha imelala. Njoo mwezi ujao."

Neno hilo Kiende alilibeba kama mtu anavyobeba aya ya Biblia.

Januari iliyofuata Wanjira alienda likizo ya kujifungua. Aliyeshika nafasi yake alifika siku za Jumanne tu, kufunga vidonda. Na katika mwezi huohuo, kwa kuwa Ulaya walikuwa wakingojea waridi nyekundu za Februari, na wavunaji hawakutosha, Kiende alitolewa kwenye chumba cha baridi akapelekwa grinihausi kukata maua.

Alifurahi kama mtu aliyefunguliwa. Kule ndani ya plastiki, jua la kiangazi likipiga, watu walivua masweta. Akawa anafanya zoezi lake wakati wa chakula cha mchana, amekaa mwisho wa mstari wa waridi, kwa sababu jioni alikuwa amechoka mno. Siku ya kwanza alisoma thelathini na mbili. Siku ya tatu, thelathini na tatu, hata kabla hajafumba macho. Viazi havikuhitajika tena. Mstari ulikuwa ukipanda wenyewe.

Alimwonyesha Celina, rafiki yake waliyekata naye waridi na kuimba naye kwaya. "Unaona? Zamani nilitoka jasho kufika thelathini. Sasa sifanyi chochote."

"Sasa ni nani anafanya?" Celina aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo.

Kiende aliutazama tena mstari. Wiki ile aliacha kumeza vidonge alivyokuwa ameachiwa, vikabaki kumi na vinne kwenye kikopo.

Jumapili ya mwisho ya Februari, kanisani, mchungaji Bundi alipouliza nani ana neno, Kiende alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Alisema mama yake alianguka akiwa na miaka arobaini na sita, na kwamba yeye mwenyewe mwezi huo alikuwa ametimiza arobaini na sita, na kwamba Mungu alimwonyesha kwa mikono yake mwenyewe, thelathini na nne, bila yeye kufanya kitu. Akaenda mbele, akaweka kikopo cha vidonge juu ya meza ya Bwana. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwa watu wale ushuhuda si maneno ya kupita. Aliyeuweka mbele ya kanisa ameweka nadhiri, na akionekana kesho akimeza alichokikabidhi, atakuwa amemfanya Mungu mwongo mbele ya watoto.

Karwirwa alipiga simu jioni ile kutoka Embu.

"Mama, nasikia umepona. Muuguzi amesema?"

"Muuguzi ana mtoto mchanga, mwache. Mikono imesema."

"Na dawa?"

"Nimezirudisha kwa mwenyewe."

"Mama, aki, nenda tu upimwe. Nitatulia nikisikia umepimwa."

"Wewe soma. Huko ndiko kutulia kwangu."

Wanjira alirudi kazini mwanzoni mwa Aprili, mvua ikikaribia. Alisikia habari ile kutoka kwa watu wanne kabla ya chai ya saa nne. Alichukua mashine yake ya presha akaenda grinihausi kwa miguu, na saa sita na nusu akamkuta Kiende mwisho wa mstari, kipimajoto kidoleni.

"Thelathini na nne, Sista!" Kiende alisema, akiuinua mkono.

Wanjira alibandua plasta, akakichukua kipimajoto, akakifunga kwenye shina la waridi. Wakakaa wote wawili wakitazama. Mstari uliteremka kidogo, ukatetemeka, ukasimama kwenye thelathini na mbili na nusu.

"Hili waridi nalo limepona?" Wanjira aliuliza.

Kiende alilitazama lile ua. Hakuwa mjinga. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani mwake mwaka ule walipomwachisha shule. Wanjira aliona jambo lile likiingia usoni mwake polepole, kama maji yanavyoingia mchangani, na akatamani angekuwa amelisema kwa upole zaidi. Alifunga mkanda. Mia moja tisini na nane juu ya mia na kumi na sita.

"Ni mimi nilikuambia ile siku ya foleni," Wanjira alisema. "Nakumbuka. Nilisema vibaya. Mle ndani ya baridi mikono yako haikuwa na joto lingine ila lako. Hapa hata jiwe lina joto. Shika." Alimtilia mkononi bahasha ya vidonge. "Kimoja sasa hivi. Nakungoja umeze."

Kiende aliangalia nyuma. Celina alikuwa mistari mitatu kutoka pale, amesimamisha makasi hewani, anatazama.

"Sista, leo ni Ijumaa. Jumapili kuna mkutano Kiirua, makanisa yote. Jina langu limeandikwa. Natoa ushuhuda."

"Na hii presha itangoja mkutano?"

"Imengoja miezi miwili. Nipe hadi Jumatatu. Jumatatu nitaenda kwa mchungaji faraghani, nimweleze kama ulivyonieleza, halafu nimeze. Siwezi kumeza nikitazamwa, na Jumapili nisimame niseme sijameza."

"Basi usisimame."

"Nitawaambia nini?"

Wanjira alibembeleza, kisha akagomba. Mwishowe Kiende aliitia bahasha ndani ya mfuko wa koti lake, lililotundikwa kando, akaubana kwa pini mbele ya macho ya muuguzi ili amwamini. "Jumatatu asubuhi," alisema. "Nakuapia."

Jumapili watu walijaa hadi nje ya turubai. Ilikuwa siku ya mawingu na upepo kutoka mlimani, na Kiende alipoitwa alikuwa akisugua viganja vyake. Waliokaa mbele walisema baadaye kwamba alipumua polepole mara tatu, macho amefumba, na uso wake ukawa kama wa msichana. Akasema, "Bwana asifiwe." Watu wakaitikia. Akafungua mdomo aseme neno la pili, na neno la pili halikutoka. Ilitoka sauti tu, nzito, yenye mate. Mkono wa kulia ulianguka kando. Akapiga magoti.

Walidhani ni Roho. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Wengi walikuwa wamewahi kuona mtu akishukiwa na kusema yasiyoeleweka. Mtu alianzisha wimbo, ngoma zikashika, akina mama wakamzunguka wakaweka mikono juu ya kichwa chake. Mchungaji Bundi aliomba kwa sauti. Waliimba nyimbo nne. Ni Celina, aliyekuwa amemshika kutoka nyuma, aliyehisi ule mwili ukizidi kuwa mzito, akakiona kinywa kilivyopinda, akapiga yowe la aina nyingine. Gari lilipatikana baada ya saa nzima. Hospitalini Meru walisema wangefika mapema kidogo huenda ingesaidia, na huenda isingesaidia. Walipomvua koti waliikuta bahasha kwenye mfuko, pini mahali pake, vidonge vyote thelathini.

Mwezi wa Juni Karwirwa alimchukua mama yake hadi Majimbo. Chumba kilikuwa kimoja. Mama alilala kitandani, binti sakafuni. Saa kumi na moja alfajiri Karwirwa alimwosha, akambadilisha, akakoroga uji, kisha akaenda ofisini, na jirani mzee aitwaye Igoki akawa anachungulia mchana. Masomo ya jioni aliyaacha kimyakimya. Hakumwambia mama, lakini mama aliviona vitabu vikitoka mezani na kwenda chini ya kitanda.

Kiende alikataa kula. Alikunywa maji na maziwa kwa kikombe alichokishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akijimwagia kifuani. Kijiko kilipokuja, alifunga midomo. Karwirwa alidhani koo limeshindwa na chakula.

"Hapana," Igoki alisema. "Huyu anaweza. Hataki."

"Kwa nini hataki?"

"Mimi nitajuaje? Muulize."

Lakini hakukuwa na njia ya kumwuliza.

Jumamosi moja Wanjira, aliyekuwa amekuja kwao Embu kuwaona wazazi, alipita Majimbo akiwa na mtoto mgongoni. Alileta dawa na kile kikebe cha majani ya chai chenye kipimajoto. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu kiti hakikuwapo, na nje mlangoni, kwa sauti ya chini, akamweleza Karwirwa habari ya kijiko, na ya viazi, na ya waridi. Hakujitoa lawamani katika maelezo yake. Karwirwa alisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Hakuwahi kuniambia alimlisha nyanya miaka tisa."

Asubuhi iliyofuata hakukoroga uji. Alichemsha viazi. Alivipoza hadi mtu angeweza kuvishika, akaweka kimoja katika kila kiganja cha mama yake, kisha akafunga kipimajoto kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, kama alivyoelekezwa. Kiende alikitazama. Kilianza ishirini na mbili. Vidole vya kushoto vilijikunja juu ya kiazi, vikakikumbatia. Vya kulia vilibaki wazi, na Karwirwa ikabidi avikunje kimoja kimoja kwa mkono wake na kuvishikilia.

Mstari ulipanda. Ishirini na saba. Thelathini. Thelathini na nne.

"Unasikia joto, mama?"

Kiende aliutazama mstari, ukiwa juu kabisa ya pale alipowahi kuufikisha kwa jasho lake kule Timau. Alipumua nje, polepole, kwa muda mrefu. Akatikisa kichwa kukataa.

Karwirwa alikichukua kiazi kutoka mkono ule, akakimenya, akakiponda kwenye sahani pamoja na maziwa kidogo. Alichota. Kijiko kikakaribia. Kiende akaangalia pembeni, ukutani, kwenye kalenda ya ofisi ya binti yake. Kisha akafungua mdomo.